Riziki na Mtaa Usio na Kuta

Riziki akianza kusimulia habari za Uingereza, mimi hukasirika kwanza, halafu nasikiliza. Nakasirika kwa sababu kiangazi kile alichopelekwa yeye kula upepo wa baridi, mimi nilibaki Doha kumwendesha tajiri wetu Baba Fahad kazini na kurudi, na kulinda nyumba ya Al Wukair iliyokuwa tupu, nikimwagilia mitende ambayo sidhani kama ilinishukuru. Nasikiliza kwa sababu simjui mtu mwingine anayejua kushangaa kama yeye. Watu wengi wakitoka safari hujifanya waliyazoea mambo kabla ya kuyaona. Riziki hana unafiki huo. Akishangaa, anashangaa mpaka wewe uliyekaa jikoni na kikombe chako cha chai ya karak unaanza kuona anachokiona.

Ni mwanamke wa Pemba, mfupi, mwepesi wa miguu. Ameacha mabinti wawili kwa dada yake kule Wete, na wote wanasoma kwa jasho lake. Kazi yake katika nyumba yetu ni moja tu, nayo inatosha watu watatu: anamtunza mama yake Baba Fahad, bibi ambaye sote, wenye nyumba na wafanyakazi, tunamwita Yuma. Akili za Yuma huja na kuondoka. Asubuhi atakuuliza hali ya mama yako, na mchana atakuuliza wewe ni nani na nani kakuruhusu kuingia. Akikataa kula, wanawe wenyewe humbembeleza wakachoka. Riziki humkalia chini, anamwimbia kitu cha kwao, na kijiko kinaingia.

Mwaka juzi macho ya Yuma yalihitaji daktari wa London. Binti yake, Madam Hessa, akasema mama hawezi kelele za hoteli za mjini, akakodi nyumba katika kitongoji cha mbali kidogo, chenye jina refu ambalo Riziki mpaka leo hulitamka kila mara kwa namna yake. Nisimsifu Madam Hessa bure: ni mwanamke mkali. Aliwahi kunirudisha Lusail saa ya foleni kwa ajili ya chaja ya simu, na nilipofika nayo akaniuliza mbona nimechelewa.

Siku ya safari niliwapeleka uwanja wa ndege pamoja na Baba Fahad. Mizigo ilipokwisha kushushwa, Baba Fahad akamwita Riziki kando, hatua chache tu kutoka niliposimama.

"Riziki," akamwambia, "mama yangu akipotea au akiumia kwa uzembe wako, hapa hurudi. Nakukatia tiketi kutoka huko huko mpaka kwenu."

Hayakuwa maneno ya kutishia mtoto. Msichana aliyemtangulia Riziki alimwacha Yuma peke yake bafuni kidogo tu, bibi akateleza, na jioni ileile mimi ndiye niliyempeleka yule binti kupanda ndege, analia kiti cha nyuma. Riziki aliitika kwa kichwa. Alilijua hilo vizuri kuliko nilivyolijua mimi.

Basi wakafika. Kitu cha kwanza kilichomtia butwaa ni kwamba nyumba hazikuwa na kuta. Anayeijua Al Wukair atamwelewa. Kwetu nyumba ni ukuta kwanza, mrefu kuliko mtu, halafu geti la chuma, halafu ua, ndipo ufikie mlango. Na mlango wenyewe hauna kazi, kutwa unasukumwa tu, watu wanaingia na kutoka, kwa kuwa geti limeshamaliza habari ya kufunga. Kule alikuta nyumba za matofali mekundu zimekaa pembezoni mwa barabara zikitazamana uso kwa uso, mbele yake majani yaliyokatwa vizuri na vichaka vya kufika gotini. Mawaridi makubwa kama visosi yameinamia njia ya waendao kwa miguu. Ungenyoosha mkono ungeyachuma, na hakuna aliyeyachuma. Alisimama mbele ya waridi moja na mizigo mkononi mpaka Madam akamwita kwa hasira.

"Kaka Bakari," aliniambia, "nilijiuliza, watu hawa wanamwamini nani kiasi hiki?"

Kisha ukimya. Hapa Doha hata watu wakilala, kiyoyozi kinanguruma, na ukikizima unahisi umekufa. Kule aliwasikia njiwa wakitembea juu ya vigae. Alisikia kijiko kikizunguka katika kikombe cha jirani. Watu wenyewe hakuwaona, aliwajua kwa dalili: gari lililokuwepo halipo, dirisha lililofungwa liko wazi, paka kaingizwa ndani. Barabara nzima ya nyumba, kila nyumba na bustani yake, na hakuna mtoto anayepiga kelele wala mtu anayemwita mwenzake. Alianza kutembea kwa ncha za vidole. Sufuria akawa analiweka juu ya jiko taratibu kama analaza mtoto. Hata kumwita Yuma alimwita kwa kunong'ona, na Yuma naye, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akawa anamjibu vivyo hivyo.

Jua nalo lilikataa kuzama. Yuma anauliza magharibi imeingia, Riziki anamwambia bado, anauliza tena, bado, mpaka Riziki akajiona kama anamdanganya bibi wa watu. Siku nyingine mvua nyembamba ilinyesha asubuhi, kiangazi katikati, na bila mtu kuomba. Yuma akataka kiti chake kiwekwe karibu na mlango wa mbele. Akatoa mkono nje, mvua ikamlowesha kiganja, akakipaka usoni na kusema Alhamdulillah. Walikaa hapo wawili wakiitazama mvua mpaka ilipokatika, na Riziki anasema hajawahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile katika kazi yake yote. Tangu siku hiyo kiti cha Yuma kilibaki pale mlangoni.

Ndipo likaja jambo la pipa. Kule taka hazichukuliwi kila siku kama kwetu. Kuna siku yake, na asubuhi ya siku hiyo kila nyumba inatoa pipa lake lenye magurudumu na kulisimamisha ukingoni mwa njia. Riziki alilisahau. Madam Hessa bado amelala, Yuma anasinzia kitini, mara lori la taka likasikika mwisho wa barabara. Riziki akakimbia nje na pipa lake likinguruma, akaona haya kwa kelele ile, akawahi. Akarudi ndani, akaurudishia mlango kwa mkono kama tunavyofanya sote Al Wukair, akaenda jikoni kukanda unga wa chapati.

Aliporudi sebuleni, kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

Hapa Yuma akitoka mlangoni yuko uani, na akifika getini atamkuta mlinzi. Kule alikuwa ametoka duniani. Riziki akakimbia kulia, akarudi, akakimbia kushoto, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Nyumba zote sura moja, milango yote rangi zinazokaribiana, na hakuna mtu hata mmoja wa kumuuliza. Mwisho wa barabara kulikuwa na reli, na alikuwa akilisikia treni linavyopita kila siku. Kwa Yuma, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, reli na njia ya kawaida ni kitu kimoja.

Na hebu ona ajabu ya binadamu: bado alikuwa akinong'ona. Alipita mbele ya nyumba zile akisema, "Yuma, Yuma," kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Mahali pale palikuwa pamemshika ulimi. Kuvunja kimya kile aliona kama kuvunja kioo cha mwenyewe.

Kisha akalisikia treni.

"Nikapiga ukelele," aliniambia. "Ule wa kwetu, wa kumwita mtu aliye bonde la pili. Sikujua kama bado ninao."

Pazia likasogea. Mlango ukafunguka, na mwingine, na mwingine. Nyumba zile alizodhani hazina watu zilimtoa mzee mwenye sabuni ya kunyolea nusu ya uso, zikamtoa mama wa kikombe mkononi, zikamtoa kijana wa baiskeli, mume na mke wenye nguo za kulalia. Wote walikuwa pale siku zote. Riziki akawaambia kwa Kiingereza chake cha Doha, mama mzee, baibui nyeusi, haoni. Hawakumuuliza yeye ni nani. Mwenye sabuni alikimbilia upande wa reli kama alivyo, mwingine akapiga simu polisi, wengine wakagawana barabara. Madam Hessa alishatoka pia, miguu mitupu, nywele wazi mbele ya wanaume wageni, na hakukumbuka kujifunika.

Yuma alipatikana barabara ya pili. Alikuta mlango unaofanana na wake, akaugonga, na mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aitwaye Cheryl, akamkaribisha ndani bila kuelewa hata neno moja. Riziki na Madam walipoingia walimkuta bibi amekaa kwenye kochi kubwa, akiwa na hakika yuko kwake, akimlalamikia Cheryl kwa Kiarabu kwamba chai hii imejaa maziwa na sukari haipo. Cheryl alikuwa akileta sukari mbiombio, kama mfanyakazi aliyeanza kazi jana. Riziki akakaa chini sakafuni, akashika miguu ya Yuma kwa mikono yake ya unga, akalia.

Polisi walikuja, wakauliza maswali yao kwa upole, wakaondoka. Njiani kurudi nyumbani Riziki hakungoja aulizwe.

"Madam, ni mimi. Nilitoa pipa, na niliporudi mlango sikuufunga."

 Madam Hessa alikuwa amemshika mama yake mkono, anatazama mbele. Walipofika, Riziki akamlisha Yuma, akampandisha kulala, kisha akatoa begi lake chini ya kitanda na kuanza kupanga nguo. Aliwafikiria mabinti zake. Anasema alimfikiria zaidi Yuma, nani atakuwa akimwimbia.

Adhuhuri Baba Fahad alipiga simu, kama apigavyo kila siku. Hapo nami naingia katika habari hii, maana alipiga akiwa ndani ya gari, tukitoka ofisini kwake West Bay, na simu ilikuwa ikisikika kwenye spika. Yuma ndiye aliyelifichua jambo. Alimwambia mwanawe kwa furaha kwamba amemtembelea jirani, ila mfanyakazi wake hajui chai, na kwamba askari walikuja kumsalimia.  Baba Fahad akaomba apewe Hessa.

Akauliza mama alitokaje. Madam akaeleza. Akauliza, "Nani aliuacha mlango wazi?"

Nilikuwa usukanini, nikakaza mikono. Nilijua jina litakalofuata, na nilijua ni nani atakayetumwa kupakia mizigo itakayobaki chumbani kwake.

"Mimi," Madam Hessa akasema. "Nilitoka kuangalia hewa, nikasahau. Ni mimi."

Nilimwamini. Baba Fahad naye alimwamini, na alimshukia. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo na ndugu yake. Alimwita mzembe, akamwambia hafai kuachiwa hata kuku, akamuuliza kama amekwenda kule kumtunza mama au kustarehe, akayarudia yote tangu mwanzo, yale anayotuambia sisi na mengine ambayo sisi hatujawahi kuambiwa. Tulifika nusu ya njia ya kwenda nyumbani, hajamaliza. Upande wa pili hapakuwa na neno isipokuwa, "Ndiyo, kaka. Ndiyo." Nami kimoyomoyo nikasema, leo imekuwa zamu yake, na ile chaja ya Lusail ikanijia.

Waliporudi Doha ndipo Riziki akaniambia. Wakati simu ile inapigwa, alikuwa amesimama mbele ya Madam Hessa na sinia la chai. Aliposikia "mimi," alifungua mdomo ili aseme kweli, Madam akamwinulia kidole anyamaze. Akasimama hivyohivyo, akiyasikia yote kwenye simu mpaka la mwisho, na Madam ameinamisha kichwa, anayapokea moja moja. Simu ilipokatika, Madam aliyafuta machozi kwa haraka.

"Chai imepoa," akasema. "Leta nyingine. Na nguo zako zirudishe kabatini."

Hawajalizungumza tena. Madam bado ni mkali kama zamani, na Riziki bado anagombezwa kwa mengine.

"Nimeshakemewa sana katika kazi hizi, kaka Bakari, nimezoea," aliniambia, akiwa ameshika kikombe chake bila kunywa. "Lakini yale yalikuwa yangu, na nilimwona mtu mwingine anayabeba."