Mwani katika Supu ya Baba

Malengelenge yalikuwa yametanda upande wa kushoto wa paji la uso wa Baba hadi kwenye kope. Daktari wa Kajiado aliuita ugonjwa huo mkanda wa jeshi, akampa vidonge, kisha akaniambia pembeni kwamba jicho litapona kwa vidonge hivyo au halitapona. Lile la kulia Baba alilipoteza kwa mwiba wa mgunga akiwa mchungaji kijana.

"Na ile dawa yako ya baharini?" aliniuliza nilipomfikisha nyumbani. "Si ndiyo ulisomea, hadi ng'ombe wangu wakaisha kwa karo?"

Nilicheka. Chuoni nilichunguza mwani mwekundu, ambao utomvu wake huvinasa virusi vya jamii ya ugonjwa huo kabla havijaingia kwenye seli.

"Hiyo ni kwenye kisahani cha maabara, Baba. Vyako vilishaingia. Vimelala kwenye neva tangu tetekuwanga ya utotoni."

"Niletee hata niione tu."

Nilimletea kutoka Kitengela kopo la unga wa mwani ninaogandishia maziwa jikoni. Nikamwambia ni chakula, si dawa, nikarudi kazini.

Jumamosi nilikuta jicho limewiva na mboni imeingia ukungu. Mama alikuwa akikoroga supu ya mifupa na mizizi, na ndani yake unga wangu.

"Dawa yako iko na kiburi," alinitania. "Ikipoa inasimama kama ugali."

"Vidonge viko wapi?"

Alinyoosha mwiko kuelekea kabatini. Baba amekunywa supu ya mizizi tangu ujana wake, na sheria yake haijawahi kubadilika: dawa mbili haziingii tumbo moja. Nilivipata kabatini, pakiti haijatobolewa.

"Za daktari nimezipumzisha," Baba alisema kwa utulivu, "yako ifanye kazi bila kusumbuliwa."

Tulirudi kwa daktari mbio. Alimulika, akamulika tena, akazima tochi.

Siku hizi wageni wakija, Baba hunyoosha mkono wa salamu mahali wasipo. Huwaeleza kwamba uchungu ulitulizwa na dawa ya binti yake, ile ya baharini. Nami huwa nimekaa hapo hapo, nikimwekea kikombe kiganjani, nikitafuta pa kuanzia kuwaambia kweli. Mara moja nilifungua mdomo.

"Nyamaza, mama," alinikatiza, uso ukielekea dirishani. "Wacha wajue nilikusomesha."