Kumgeuza Mzee Anyandwile

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu wa hospitali ya misheni alinikabidhi mfuko wa turubai wenye glavu, pamba, dawa ya bluu ya vidonda na vidonge vya maumivu. Akanitazama juu ya miwani yake. "Unakwenda kwa watu tulioshindwa kuwaponya," alisema. "Mgonjwa haponi, lakini haachwi. Ukimwacha, nirudishie mfuko wangu."

Zilikuwa enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ilipofungulia biashara binafsi. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalichipuka Tukuyu mjini kama uyoga, na hospitalini tukaanza kusikia habari za kuchangia gharama. Mwenye saratani alirudishwa nyumbani mapema, kitanda akapewa anayeweza kupona. Hapo ndipo tulipoingia sisi, wahudumu wa afya wa kijiji. Vijana mnadhani kazi ilikuwa kugawa vidonge. Wapi! Kazi kubwa ilikuwa kugeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ngozi yake hugandamizwa na kitanda mpaka ikafa, na kidonda hicho huchimba nyama hadi mfupani. Dawa yake ya kwanza ni mikono ya watu wa nyumbani.

Nilipangiwa kijiji cha Lupepo. Huko nilimkuta Mzee Anyandwile, mkewe alishafariki, saratani imemwingia kwenye uti wa mgongo. Mwanawe alikuwa Mbeya akiuza mitumba. Nyumbani alibaki mke wa huyo mwana, Tupokigwe. Bakuli la uji lilikuwa kizingitini, kuku wanalidonoa. Mzee alikuwa ndani na njaa yake, ngozi ya kiunoni imeanza kuchubuka. Tupokigwe alikuwa amejificha migombani, kanga usoni.

Sikumlaumu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawatajani majina. Tunaita ukutila. Aliweka uji mlangoni, akakohoa, akakimbia. Ndiyo heshima aliyofundwa.

Mimi nilifika asubuhi na jioni, lakini kidonda hakimngoji mhudumu. Nikamwambia mzee waziwazi kwamba bila mkwewe ataoza angali hai.

"Nioze," alinijibu. "Mtoto wa watu asiuone uchi wa tata, baba mkwe wake."

Nilimleta mchungaji, akasoma Neno. Mzee akaitikia amina, msimamo ukabaki palepale. Nikaenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

"Mrudishe hospitali, tutamgeuza sisi," alisema.

"Kitanda kipo, Daktari?"

Alikuna kidevu. "Hakipo. Basi rudi ukambembeleze."

Nikarudi. Niliapa kumuuliza mzee swali lilelile kila siku, mpaka akubali au anifukuze.

Asubuhi moja, nikimsafisha kidonda, maumivu yalimzidi akauma shuka. Tukasikia Tupokigwe analia huko nje migombani. Mzee akaliachia shuka.

"Mila inasema tusionane, siyo?"

"Ndiyo, tata."

"Basi nitafumba macho. Mwite."

Aliingia kinyumenyume, kanga imefunika uso. Nilimfunika mzee shuka vizuri, nikamwelekeza binti: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, vuta kwa pamoja, kisha sukuma mto nyuma ya mgongo. Akavuta. Mzee akageuka.

"Ndaga fijo," mzee alimshukuru, macho ameyafumba kabisa. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo Tupokigwe hakuhitaji kuitwa. Kidonda kilikauka, ingawa saratani haikurudi nyuma. Siku aliyofariki nilimkuta amelala ubavu, safi, mto mgongoni. Nilinyoosha mkono kumfumba macho, kama tulivyofundishwa kuwafanyia marehemu. Sikukuta la kufanya, yalikuwa yamefumbwa tayari. Tupokigwe alikuwa ametoka kumgeuza.

Nimestaafu siku nyingi. Wahudumu wa sasa wana simu na pikipiki, nami nawapongeza. Ninachowaomba ni kwamba wakikuta heshima ya mgonjwa imesimama mlangoni, wasiipige teke. Wakae nayo, waitafutie njia ya kuingia.

Mgongo wangu nao umegoma. Mke wa mwanangu amezaliwa mjini, hajui kukimbilia migombani. Huingia na uji bila kukohoa, akanishika begani na nyongani, akanigeuza. Nami baba mkwe wake, kabla sijasema ndaga, hufumba macho.