Tochi Kwenye Kona ya Runinga

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeiumba nuru na akatupa macho ya kuipokea, ambaye hatuzimii taa moja bila kutuachia nyingine. Kwa jina lake nasimulia habari ya runinga yetu.

Mke wangu alipoteza kusikia kwa ugonjwa, sote wawili tukiwa tumeshazeeka. Sauti yake ilibaki, masikio yakaenda. Tulijifunza lugha ya ishara pamoja; yeye akafika mbali, mimi ningali naokoteza. Hapa Kilimani majirani husalimiana kwenye lifti na kupita. Kwa hiyo aliyezungumza naye kwa kasi aliyoitaka alikuwa mmoja tu: yule mama mkalimani wa ishara anayesimama kwenye kona ya chini ya runinga wakati wa habari. Mke wangu humjibu, tena humkosoa. Akiaga, humpungia mkono.

Jioni moja, nimetoka tu kuswali Magharibi, kioo kikawa cheusi huku habari zikiendelea kusomwa. Nikamwashiria mke wangu asihofu, runinga haijafa, bado inaongea.

"Basi isikilize wewe," akasema, akaenda zake chumbani.

Hakurudi sebuleni siku zilizofuata. Hata ishara zangu mbovu aliacha kuzisahihisha, na hapo ndipo nilipoogopa, maana sasa kimya kilikuwa kimevuka masikio na kuingia moyoni.

Jioni nyingine, habari zikisomwa, nikachukua tochi, nikainama nyuma ya runinga kutafuta waya uliolegea. Mwanga ulipopita juu ya kioo, nikaona mkono. Mkono mdogo wa mtu, ukisema jambo. Nikamtakasa Mungu pale pale nilipopiga magoti. Nikamulika tena, na mkalimani alikuwepo, mzima, akifanya kazi yake gizani kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Nilikwenda chumbani nikamleta mke wangu. Tangu hapo, kila jioni nilikaa kwenye kigoda kando ya runinga nikimulika ile kona mpaka habari ziishe. Nikichoka na mwanga ukishuka, alinigusa kwa bakora yake. "Mzee, umemkata vidole."

Mwishowe niliifunga runinga kwa blanketi nikaipeleka mjini, River Road, kwa Singasinga wa rika langu aliyerithi duka la redio la baba yake. Nilipomweleza habari ya tochi, alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe taa ya nyuma ni wewe, Maalim? Leo nakuachisha kazi."

Aliinua kile kioo chembamba kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayemtoa mtoto kitandani bila kumwamsha. Chini yake, nyuma ya karatasi nyeupe za plastiki, zilipangwa taa ndogo kama punje za dengu, ndizo zinazoangaza picha kutoka nyuma. Alinieleza kwamba umeme hupita kwa moja kwenda kwa nyingine, hivyo ikifa moja, safu nzima inalala. Nilikumbuka safu zetu msikitini.

Taa za aina ile hazikupatikana. Akachukua za runinga nyingine iliyovunjika kioo, ya kampuni tofauti, akazipima volti, akazikata zienee, akazilehemu. Moja ikapungua. Akapekua droo akapata ya volti sawa, lakini mwanga wake ulikuwa wa manjano. Akapunguza umeme kidogo ili hizo ngeni zisiungue, kisha akawasha. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo. Kioo kizima kikapambazuka, cheupe, isipokuwa kona moja ya chini.

"Hiyo kona ikikusumbua, rudi," akaniambia. "Nikipata nyeupe nitabadilisha."

Nyumbani niliiwasha. Mke wangu alikaa, mikono mapajani. Habari zikaanza, mkalimani akatokea, na ile taa ya manjano ilikuwa nyuma yake hasa. Msomaji wa habari alikuwa mweupe kama chaki; yeye mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Nikaanza kueleza kwa ishara kwamba kuna kasoro, kwamba fundi ataibadilisha.

Aliishika mikono yangu, akaituliza.

"Mwambie asiiguse," akasema. "Toka hapo mbele, bwana. Mwenzako amepata taa yake."

Kisha akaanza kumjibu.

Ewe unayesoma, Mungu akuwekee nyuma yako mwanga usiouona, na asikukoseshe wa kuzungumza naye mpaka mwisho wa siku zako. Amina.