Nilimwita Mume Wangu Drafti

Admin, jina langu usilitaje popote, watu wa mtaa wetu wa Skuta wanapenda umbea. Nina miaka thelathini na tatu, nauza mchele wa Wang'uru hapa Nyeri mjini, na nimeolewa na mwanamume ambaye lazima ainame kupita mlango wetu. Kazi hana.

Mume wangu alienda Amerika kusoma, akajifunza ile futiboli yao ya kuvaa kofia ngumu na kugongana. Yeye alikuwa wa ulinzi. Kazi yake ni kumwangusha mwenye mpira, basi! Alipomaliza chuo, timu kubwa zilikaa kuchagua vijana, shughuli wanayoiita draft, na hakuna iliyotaja jina lake. Baadaye timu moja ikamchukua kwa majaribio, ikamfukuza. Nyingine ikamweka na wale wa mazoezi, wanaogongwa wiki nzima na siku ya mechi wanakaa kutazama wenzao. Kwa miaka minne alicheza mechi tatu. Akarudi kwangu na goti bovu na video ya hizo mechi tatu, ambayo kila mgeni lazima aitazame kabla ya kupewa chai.

Siku alipowaeleza wazazi wake kule Tetu kwamba aliachwa kwenye draft, baba mkwe aliweka kikombe chini.

"Ati uliachwa kwa drafti? Hii ya kusukuma vifuniko vya soda ubaoni?"

"Hapana baba, hiyo ni ingine..."

"Si ungeniita nikuje! Hapa Tetu hakuna mtu ananishinda drafti!"

Nilicheka hadi machozi. Hilo jina nikarudi nalo Skuta mimi mwenyewe. Kinyozi akalidaka, mama mboga akalidaka, na sasa mume wangu ni Drafti. Najua nikiliandika hapa nimejianika, lakini kisa hiki hakisimuliki bila hilo jina.

Sikumwonea huruma na sitajifanya. Shule moja ilimtaka afundishe michezo, akakataa, ati bado anangoja kuitwa. Aitwe na nani? Kila asubuhi anajifunga tairi la gari kiunoni na kupanda nalo mlima mbio, mtu mzima, watu wakisimama kumtazama, nami nageuza uso nisiulizwe ni wa nani. Siku moja nikamwambia, "Drafti, hata wazee wa vifuniko wakishindwa wanaendanga nyumbani." Akanijibu, "Sawa, Mama Shiru," akaenda kumwagia goti maji baridi.

Mwezi jana msichana wetu Shiru, wa miaka sita, alimwendea pale mlangoni. "Drafti, mami anasema chai iko tayari." Nikangoja amkaripie. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaja akanywa chai. Video hajaiwasha tena tangu siku hiyo.

Sasa Jumatatu barua pepe yake imeingia kwenye simu yangu, kwa sababu simu yake ilivunjika kioo, akaunti yake akaiweka kwangu. Ni kocha wa timu ndogo ya futiboli hiyo hiyo huko Ujerumani. Ameziona zile mechi tatu. Anasema hata yeye aliachwa kwenye draft, anamtaka kwa msimu mmoja, na anataka jibu kufikia Ijumaa. Sijamwonyesha. Nilijidanganya ni kwa ajili ya goti lake. Ukweli ni kwamba akienda, nitaaibika mbele ya Skuta nzima, na kwa vile nilivyomdharau, sioni kwa nini arudi kwangu.

Leo asubuhi hakujifunga tairi. Amesema kesho anaenda kuiambia ile shule kwamba yuko tayari kufundisha. Ndicho nilichokuwa nikitaka, lakini nilikaa juu ya gunia la mchele nikashindwa kufurahi.

Mchana nilichukua simu nikasimama nyuma yake. "Baba Shiru," nikaita. Hakugeuka. Nikaita tena, hakugeuka. Nikasema, "Drafti," akaitika mara moja. Nikamwambia chumvi imeisha.

Leo ni Alhamisi. Nimwonyeshe, au nifute? Nishaurini upesi.