Umri wa Mtoto wa Desemba

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyetengeneza fomu za kompyuta za hospitali yetu. Tulimwita Kalenda, maana ukimtajia tarehe uliyozaliwa, anakwambia ilikuwa siku gani ya juma kabla hujafunga mdomo. Mbishi kama nini. Ukimsahihisha anakujibu, "Shemeji, mashine haidanganyi."

Fomu ya kwanza ilipiga hesabu ya umri. Unaandika tarehe ya kuzaliwa, umri unatokea wenyewe. Aliijaribu siku ya mwisho ya Desemba kwa tarehe za wafanyakazi wote. Ikampatia kila mtu umri wake sahihi, hata mimi ninayeficha miaka. Tulicheka, tukampongeza.

Kumbe fomu ilikuwa inatoa tu mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka uliopo. Mwisho wa Desemba kila mtu ameshatimiza miaka yake, kwa hiyo kosa halikuonekana.

Wiki ya pili ya Januari akaletwa mtoto mwenye homa. Alizaliwa Desemba tarehe tatu, alikuwa na wiki tano. Fomu ikaandika mwaka mmoja. Mimi huchanganya dawa chumba cha nyuma. Mtoto simwoni, naona karatasi. Nikapima dawa ya mtoto wa mwaka, mama yake akaenda kumnywesha nyumbani kama alivyoelekezwa. Siku ya tatu akamrudisha amelegea, hafumbui macho.

Kalenda hakubisha. Aliifungua hesabu yake, akasema, "Sikuuliza kama siku yake imeshafika au bado." Alirekebisha kwa dakika kumi. Dakika kumi tu, jamani.

Kisha akaenda wodini, nami nyuma yake.

"Mama, kosa ni langu," alisema.

"Na langu," nikasema.

Hakututukana. Afadhali angetutukana. Aliuliza tu, "Mlidhani ana mwaka?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mwezi na nusu hajafika," alisema, akamfunika mtoto vizuri. Mtoto alifariki Ijumaa.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Siku hizi Kalenda haniambii tena kwamba mashine haidanganyi. Kila fomu mpya huijaribu kwanza kwa tarehe ile ile, tatu Desemba ya mwaka ule. Juzi nilimpelekea chai, nikaona skrini yake. Fomu ilikuwa imejibu sawasawa: miaka sita. Aliitazama ile sita mpaka chai ikapoa, ndipo akaifuta.