Jibu Katika Mfuko wa Sketi

Fundi wa sare alikuwa na mdomo usio na breki, lakini siri za watoto hazikumtoka hata kwa dawa. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba cha kushonea nyuma ya maktaba ya shule, futi shingoni, pini mdomoni, na wasichana wakambandika jina la Shangazi Pindo.

Sasa wewe niambie, msichana wa miaka kumi na tatu akitaka kujua habari za mwili wake, amwendee nani? Nyumbani anaambiwa, "Ishia hapo hapo!" Mwalimu wa sayansi akifika sura ile anawaambia wakaisome wenyewe, huku akifuta ubao usio na kitu. Wanabaki na marafiki na simu, na huko wanalishwa uongo mtupu. Ndipo Shangazi akabuni njia yake: una swali, liandike, litie kwenye mfuko wa sketi unayoleta kurekebishwa. Anapiga pindo, anaandika jibu chini ya swali, likimshinda anamuuliza muuguzi wa zahanati, kisha sketi inarudi na jibu lake. Hakuna jina, hakuna aibu.

Njia nzuri, ila sketi zote ni za buluu! Alhamisi moja, katika kupiga pasi harakaharaka, akachanganya. Jibu la mtoto mmoja likaingia kwenye sketi ya mwingine, likaenda nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Jumamosi asubuhi kikao kikaitishwa. Mwenyekiti, baba wa sauti nene, akasimama na ile karatasi, akaisoma kwa hasira: "'Shangazi, rafiki yangu anasema ukikalia kiti alichotoka kukalia mvulana, unapata mimba. Mimi nimekalia juzi. Nimekwisha?' Na jibu: 'Hujaisha, mwanangu. Kiti hakimpi mtu mimba. Kalia vyote.'"

Weee! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja muuza mboga akafuta machozi. "Jamani, na mimi niliambiwa hivyo hivyo! Muhula mzima nilisoma nimesimama!"

Mwenyekiti hakucheka. "Huyu mama aseme swali hili ni la mtoto gani. La sivyo, afungashe leo leo."

Karatasi haikuwa na jina, lakini Shangazi alijua ilitoka kwenye sketi ya nani. Ataje jina moja tu, chumba kinabaki chake. Lakini alijua yule mtoto angechekwa hadi aikimbie shule, na wenzake wasingeuliza tena chochote. Aliumia, aliumia kwelikweli, maana alikipenda kile chumba kuliko nyumba yake. Akavua futi shingoni, akaiweka mezani mbele ya mwalimu mkuu.

"Simtaji," akasema. "Kuchanganya sketi ni kosa langu. Kuuliza si kosa la mtu. Na wewe baba, binti yako angekuuliza hivi, ungemjibu nini?"

"Ningemfukuza mezani," mwenyekiti akasema taratibu, na kila mtu aliona kwamba jibu lake mwenyewe halikumpendeza.

Mwalimu mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi, akaichukua futi akamvika mwenyewe. Akasema kuanzia wiki ijayo, kila Ijumaa, Shangazi na muuguzi watakaa na watoto darasani, wavulana kwa wasichana, na maswali yaulizwe mchana kweupe. Muuza mboga akapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Ijumaa ikafika. Shangazi kwa furaha alikuja amevaa viatu visivyofanana. Darasa limefurika, mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyekiti, akajibana kwenye dawati la mbele, magoti juu. Binti yake, aliyeketi nyuma yake, akajificha kwa daftari.

Muuguzi akauliza nani ana swali. Watoto wanatazamana tu. Mkono wa kwanza kuinuka ukawa wa mwenyekiti.

"Shangazi," akasema, na sauti ile nene sijui ilikwenda wapi, "binti yangu hajaniuliza kitu tangu siku nilipomfokea. Nianzie wapi?"

"Si huyo nyuma yako? Muulize mwenyewe."

Akageuka. Binti akateremsha daftari, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Baba," akasema, "anza kwa kuniacha nimalize kusema."