Fyuzi Tano Kabla ya Harusi

Fyuzi ya nne ya muziki wa gari langu ilikatika mtaani Molenbeek, karibu na mfereji, Jumapili asubuhi tukienda kanisani. Wimbo wa kwaya ulikufa katikati ya neno. Mama mdogo, dada wa marehemu mama yetu, alikuwa amekaa mbele kando yangu. Akasonya.

"Hii machine yako haipendi Mungu."

Ningecheka, lakini Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuwa anaolewa. Kwetu, gari la upande wa bibi harusi ndilo hutangulia msafara, na muziki wake husikika kabla gari halijaonekana. Nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikafanya kazi yeye aendelee kusoma. Wazee wa upande wa mume walikuwa wameshauliza, kwa upole unaochoma, nani atamtoa. Nilijibu ni mimi. Gari likinyamaza mbele ya komuni ya Saint-Gilles, ofisi ya mtaa inayofungisha ndoa, angeonekana binti asiye na kwao.

Ampli, mashine ya kukuza sauti, niliifunga mwenyewe kwenye buti la gari. Waya mnene mwekundu unatoka kwenye betri, unapitia fyuzi, kisha chini ya zulia hadi nyuma. Jumatatu niliondoa spika zote, nikaweka fyuzi mpya, ikashika. Nikarudisha spika, ikashika pia. Nilifungua ampli, nikanusa, hakuna kilichoungua. Nikapima waya kwa mita ya umeme, mzima. Jumatano nikampeleka mama mdogo kununua vitenge. Hata hatujatoka mtaani kwake, fyuzi ya tano ikaondoka.

Alhamisi jioni nilikuwa nimeinamia injini mbele ya nyumba yetu, Ganshoren, na fyuzi ya ampea mia mkononi, niiweke pahali pa ile ya sitini. Nilijua ni ujinga: fyuzi ikikataa kukatika, kinachoungua ni waya. Lakini nilikuwa nimechoka.

Mdogo wangu akatoka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Yeye ni muuguzi. Umeme haujui kabisa.

"Yaya," aliniita, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa, "ile ya kwanza ilikatika wakati gani?"

"Wewe rudi ukasukwe."

"Bon, nakuuliza. Mulikuwa munaenda wapi?"

Nikajibu ili aniache. Hakuniacha. Aliuliza moja moja, kwa sauti ya chini, kama ninavyodhani huwauliza wagonjwa: ulikuwa unafanya nini, nani alikuwa karibu, kabla ya hapo ulisogeza nini. Nilipotaka kuruka jambo alinirudisha. Nilipomaliza akasema:

"Donc, mara zote tano mama mudogo alikuwa ndani."

"Unataka kusema ni yeye anavunja fyuzi?"

"Akiingia anafanya nini?"

"Anasukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Unajua miguu yake."

"Na akishuka?"

"Ninakirudisha mbele, niweke masanduku ya kazi."

"Na ukipima, kiti kiko wapi?"

Nilivuta zulia chini ya kile kiti. Nilikuwa nimeupitisha waya chini ya reli yake, njia ya mkato, na kiti kilipofika mwisho wa reli kiliukandamiza kwenye chuma cha gari. Pale ganda jekundu lilikuwa limelika, shaba inang'aa, kipande kisichozidi punje ya mchele, lakini kikigusa chuma kinatosha kukata fyuzi.

Nilimtazama. Hakuwa amegusa hata bisibisi. Wiki nzima nilikuwa na mita, taa na mikono yenye miaka ya kazi. Yeye alikuwa na maswali tu, na alikuwa ameliona shimo lile la ganda kabla sijainua zulia. Miaka yote niliyomlipia shule nilifikiri nanunua diploma. Sikujua kitu hiki kilikuwa kinakua ndani yake.

"Alors, usiweke ile kubwa," alisema, akarudi kusukwa.

Nilibadilisha waya, nikaupitisha pembeni, mbali na reli, nikaweka fyuzi ya sitini.

Jumamosi mama mdogo akaingia, akasukuma kiti hadi mwisho. Nikawasha gari. Wimbo ukaendelea. Tulipokata kona ya Saint-Gilles wazee wa upande wa mume walikuwa wameshageuka wote kwenye ngazi, wakitutazama. Besi ilitetemesha vioo. Mzee mmoja akaja dirishani kwangu, akapaza sauti:

"Papa! Nani alikutengenezea hii muziki?"

Nikamwonyesha bibi harusi, amekaa nyuma katika nguo yake nyeupe. Mzee akacheka sana, akidhani namtania.